Mtu akiugua usiku ughaibuni aanze wapi? Mdogo wangu Ujerumani kangojeshwa mpaka alfajiri

#1 BintiKibokoni
Salaam wenzangu. Naomba msaada wa walioko nje au waliowahi kuishi huko.

Mdogo wangu yuko Leipzig, mwanafunzi, mwaka wake wa kwanza. Ijumaa usiku tumbo lilimshika, upande wa kulia kwa chini, na kutapika juu yake. Akatupigia sisi Mombasa kabla ya kumpigia mtu yeyote wa huko. Mama akaanza kulia, khalti akamwambia ameze habasoda, mimi nikamwambia atafute teksi aende hospitali upesi. Kafika saa nne za usiku. Kaandikwa jina, kapimwa presha, katolewa damu, kisha kakalishwa kwenye kiti mpaka saa kumi na moja za alfajiri. Daktari alipokuja kamwona dakika chache tu, kampa dawa ya maumivu na karatasi, kamwambia arudi nyumbani na hali ikizidi arejee.

Nauliza kwa uchungu: hii ndiyo Ulaya tuliyosifiwa? Hapa Kibokoni mtu akishikwa na tumbo saa nane za usiku twamtia kwenye tuk-tuk, na ndani ya nusu saa ameshaonwa, hata kama ni kwa kulipa. Huko kuna kila mashine, na mtoto wa watu angojeshwa masaa saba. Ni ubaguzi? Ni hiyo bima yake ya uanafunzi? Au aliingia mlango usiokuwa wake? Mama hajalala tangu juzi.

#2 Nahodha_Mstaafu
Pole sana binti yangu, Mola ampe shifaa. Sasa hivi yuwasemaje? Ana homa? Tumbo limetulia au bado?

#3 BintiKibokoni
@Nahodha_Mstaafu shukran ami. Maumivu yamepungua kwa ile dawa, lakini hayajaisha. Chakula hakitaki.

#4 Mpwani_Hamburg
Nimeishi Ujerumani muda mrefu, na kwa maoni yangu kijana aliingia mlango usiokuwa wake.

Huku kuna milango mitatu na watu wetu wengi hawaambiwi. Wa kwanza ni 112: gari la wagonjwa na zimamoto. Hiyo ni ya mtu aliyezimia, anayeshindwa kupumua, kifua kinachobana, damu isiyokatika, mdomo uliopinda ghafla. Wa pili ni 116117, daktari wa zamu. Hiyo ni ya maradhi ambayo siku ya kazi ungeyapeleka kwa daktari wako wa mtaa, ila yamekukuta usiku au Jumapili. Unapiga bure, wanakuuliza maswali, wanakuelekeza kliniki ya zamu iliyo karibu nawe, na mgonjwa asiyeweza kutoka hufuatwa na daktari nyumbani. Wa tatu ni chumba cha dharura cha hospitali, ambao kibao chake kimeandikwa Notaufnahme. Kila asiyeijua ile ya pili huishia huo wa tatu.

Na mjue kuwa madaktari wengi wa mtaa huku hufunga Jumatano na Ijumaa mchana. Kwa hiyo Ijumaa usiku vyumba vya dharura vimejaa mafua, masikio, vidole vilivyoteguka na walevi. Yeye akakaa katikati yao.

#5 KijanaWaBuxton
Kaka Hamburg, yaani mtu tumbo lamkata akumbuke tarakimu sita? Sisi hapa hata ya polisi hatuijui, twapiga kelele majirani waje.

#6 Mpwani_Hamburg
@KijanaWaBuxton ndiyo maana huandikwa kwenye simu siku ile ile unaposajili laini. Na majirani wa huku hawaji kwa kelele. Wakija, wamekuja kulalamikia kelele.

#7 NesiTudor
Nimefanya kazi chumba cha dharura hapa Mombasa, na miaka kadhaa Uingereza. Niseme kidogo kuhusu kungoja, maana ndipo watu wanapoumia roho.

Hospitali nyingi za Ulaya hazifuati nani kaja mwanzo. Nesi wa mlangoni hukupanga kwa uzito wa hali yako. Mpango mmoja unaotumika sana, uliotoka Manchester, una rangi tano. Nyekundu huonwa papo hapo. Chungwa ndani ya dakika 10. Njano ndani ya saa moja. Kijani masaa mawili, buluu masaa manne. Hayo ni malengo, na usiku wa wikendi kijani na buluu hupitwa mbali sana, kwa sababu kila nyekundu anayeingia huwasukuma nyuma wote walio chini yake. Ajali moja ya barabarani yaweza kuwachukua madaktari wote wawili wa zamu.

Kwa hiyo aliyekalishwa masaa saba, kwa hesabu yao, hakuwa anakufa. Hilo si faraja kwa mama aliye Mombasa, nalijua.

Sasa dada yangu @BintiKibokoni, nisikilize vizuri. Siwezi kumtibu mtu kwa maandishi, lakini maumivu ya kulia chini pamoja na kutapika ni jambo la kidole tumbo mpaka lithibitike kuwa si hilo. Mwanzoni laweza lisionekane kwenye damu. Maumivu yakirudi, yakizidi anapotembea au anapokohoa, au homa ikipanda, arudi hospitali hata ikiwa ndiyo kwanza ametoka. Na asile kitu njiani, maana huenda wakataka kumpasua. Ile karatasi waliyompa aende nayo.

#8 MwanaMajengo
Heshima kwako dada nesi, lakini mimi siikubali hadithi ya rangi tano peke yake. Nimekaa kwenye viti hivyo, nchi nyingine ya Ulaya, na mkono umevunjika. Nilikuwa nikiangalia walioingia baada yangu. Wenye mikono kama yangu, wanaosema lugha ya pale vizuri, waliitwa mbele yangu. Nikiuliza naambiwa subiri. Mwenzangu mmoja wa huko alipokuja kusimama nami na kuuliza kwa lugha yao, nikaitwa haraka mno. Mkono ni ule ule, mvunjiko ni ule ule. Hiyo mwaiitaje?

#9 NesiTudor
@MwanaMajengo siwezi kukukatalia ulichokiona. Yapo. Na mimi nimewaona manesi wakimpuuza mgonjwa kwa sababu hawamwelewi.

#10 MamaWawili_Leicester
Naomba niongeze jambo ambalo hamjalitaja, nalo ni malezi yetu.

Sisi tumefunzwa kujizuia. Mtu wa Pwani akiulizwa hali hata akiwa kitandani atasema alhamdulillah, sijambo kidogo. Mwanamke akipiga ukelele wa uchungu mbele ya watu yuwaonekana hana haya. Sasa huku nesi akuuliza: maumivu yako ni ngapi, sifuri mpaka kumi? Mwingereza aliyejikata kidole kwa kisu cha vitunguu amwambia nane. Mamangu mzazi, alipokuja kunitembelea na jiwe la figo, alisema tatu. Alikuwa yuwatoka jasho la baridi, ameuma mtandio wake, na bado asema tatu. Nikamwingilia nikamwambia nesi, huyu mama kazaa watoto sita nyumbani bila sauti, tatu yake ihesabuni tisa. Wakambadilisha mstari pale pale.

@BintiKibokoni muulize mdogo wako alisema ngapi.

#11 BintiKibokoni
Nimemuuliza sasa hivi. Alisema nne. Yuwasema hakutaka aonekane anajiliza.

#12 KijanaWaBuxton
NNE! Na mama huku alikuwa kumi.

#13 MwanaMajengo
Kwa hiyo sasa kosa ni la mgonjwa na adabu zake? Mtu mwenye ujuzi si ndiye aliyesomeshwa kumtazama mgonjwa hata akinyamaza? Mtoto mchanga hasemi namba na hutibiwa.

#14 Omari_Rotterdam
Mimi ni mtu wa Lamu, niko Uholanzi. Huku mlango una kitasa kimoja zaidi. Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa mbili asubuhi, na wikendi nzima, kuna kituo cha madaktari wa mtaa cha usiku, huitwa huisartsenpost. Lakini huendi tu. Lazima upige simu kwanza, uongee na mtu anayekuhoji, ndipo upewe saa. Ukijitokeza bila kupiga wanakutazama kana kwamba umeingia msikitini na viatu.

Na kuna la pesa. Ukipitia kituo hicho, gharama haigusi ile euro 385 ya mwaka ambayo kila mtu mzima hujilipia kabla bima haijaanza. Ukikimbilia chumba cha dharura cha hospitali, inagusa. Wageni wengi hulijua hilo bili ikishafika.

#15 Swaleh_Ohio
Nyinyi wa Ulaya mnalalamikia kungoja, sisi Marekani tunalalamikia barua.

Sheria ya 1986, EMTALA, inaibana karibu kila hospitali yenye chumba cha dharura: ukiingia lazima wakupime na wakutulize hali, uwe na bima au usiwe nayo, uwe na makaratasi au usiwe nayo. Hakuna kukuuliza pesa kwanza ndipo uguswe. Hilo wanalifanya. Lakini sheria hiyo haikusema ni bure. Bili zinakuja kwa mafungu: ya hospitali, ya daktari, ya maabara, na ya gari la wagonjwa mbali kabisa. Sheria ya kuzuia bili za kushtukiza, iliyoanza kutumika 2022, iliyaacha nje magari ya wagonjwa ya barabarani. Ndiyo maana utaona mtu yuwavuja damu na bado aita teksi.

Mambo mawili yaliniokoa. Moja, kwa jambo lisilo la kufa kuna kliniki za haraka zinazofunguliwa jioni na wikendi, na gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na chumba cha dharura. Pili, hospitali zisizo za faida zinatakiwa kisheria ziwe na mpango wa maandishi wa kuwasaidia wasio na uwezo. Usilipe bili ya kwanza kwa hofu. Piga simu, omba fomu ya msaada, omba bili iliyochambuliwa kipengele kwa kipengele. Mimi sehemu kubwa ilifutwa.

#16 KijanaWaBuxton
Basi dawa ni kwenda Uingereza, kila kitu bure.

#17 MamaWawili_Leicester
Si hivyo mwanangu. Kutibiwa ndani ya chumba cha dharura ni bure kwa kila mtu, hata mtalii aliyeshuka jana. Ukilazwa wodini, hapo mgeni wa matembezi huanza kuandikiwa. Mwenye viza ya kusoma au kazi huwa ameshalipia mapema pamoja na viza, siku hizi pauni 1,035 kwa mwaka, mwanafunzi 776. Dawa za kuandikiwa England ni pauni 9.90 kila moja kwa wasiosamehewa.

Na nambari yetu ya pili ni 111, mchana na usiku. Ukiwahi kumwambia jina la lugha yako tu, wanakutafutia mkalimani kwenye simu, Kiswahili kimo. Mamangu aliongea nao mwenyewe akafurahi kweli, akataka kumuuliza yule mkalimani ni mtu wa wapi na ukoo gani.

#18 Haki_Glasgow
Ongeza: huku Scotland dawa za kuandikiwa hazilipiwi, na Wales pia. Watu wakisema Uingereza wanamaanisha England peke yake.

#19 MzeeWaLikoni
Nimesoma kuanzia juu na nina neno kwa binti wa Kibokoni. Wewe wasema tuk-tuk na nusu saa kwa sababu uko kisiwani. Njoo huku kwetu Likoni, saa nane za usiku, mwana wa mtu ashikwe na uchungu wa kuzaa. Feri za usiku ni chache. Gari la wagonjwa hupewa njia, sikatai, lakini wengi wetu hatuna gari la wagonjwa, tuna tuk-tuk hiyo hiyo yako, na maji ni yale yale. Nimemshika mkono mkwe wangu pale gatini tukiangalia taa za Kilindini, chombo kiko upande wa pili chapakia. Usisifu Mombasa yote kwa Mombasa ya Kibokoni.

#20 BintiKibokoni
@MzeeWaLikoni ni kweli baba, nakubali.

#21 Fundi_Changamwe
Siku hizi si mwapita barabara ya Dongo Kundu?

#22 MzeeWaLikoni
@Fundi_Changamwe mwenye gari apita. Mwenye miguu je?

#23 Wakili_Mtarajiwa
Na kwa kuwa tumeshafika nyumbani: Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Haikusema mwenye pesa ya amana. Lakini nimeshuhudia hapa Mombasa hospitali moja ya kulipa, sitaitaja, ikiwaambia watu watafute pesa kwanza huku mgonjwa yuko ndani ya gari. Kwa hiyo ile nusu saa ya tuk-tuk aliyoisema dada, ndani yake kuna M-Pesa ya mtu. Asiye nayo na yeye angoja, ila hakuna anayemhesabia masaa.

#24 MwanaMajengo
Hapo umesema @Wakili_Mtarajiwa. Huko wanakungojesha kwa sura, huku kwa mfuko.

#25 NesiTudor
Kabla uzi haujavuka feri na kupotea, naomba kila aliye nje asome hili mara mbili.

Ukitoka likizo Mombasa ukarudi Ulaya au Marekani, na homa ikakupata, neno la kwanza mlangoni liwe: nimetoka Kenya, naomba nipimwe malaria leo. Usingoje waulize. Daktari wa huko yuwaona mafua kutwa kucha, malaria huenda hajaiona tangu amalize chuo. Ile kali, falciparum, mara nyingi hujitokeza ndani ya wiki chache baada ya safari, lakini homa yoyote katika miezi ya baada ya kurudi ipimwe. Na msijidanganye kuwa nimekulia Kisauni, malaria ni rafiki yangu. Kinga ile hupungua ukikaa nje. Wanaougua vibaya huko wengi ni watu wetu waliokwenda kusalimia nyumbani bila kumeza dawa ya kinga, kwa sababu waliona dawa hiyo ni ya wazungu.

Sema hivyo kwenye simu ya zamu pia. Majibu yao hubadilika ukitaja safari.

#26 Mpwani_Hamburg
Naunga mkono kwa mikono miwili. Mwenzetu mmoja hapa alitibiwa mafua siku kadhaa mpaka macho yakawa manjano.

#27 Mama_Faiz
Mimi sina mengi ya kusema katika ubishi wenu, nina mtoto wa selimundu (sickle cell). Tuliishi Birmingham, sasa tuko mji mdogo kusini mwa Ujerumani kwa kazi ya babake.

Uingereza, Faiz akishikwa na maumivu usiku, naingia, nasema neno moja tu, na mwongozo wao unataka apewe dawa ya maumivu ndani ya dakika 30 tangu kufika. Haikuwa kila mara, lakini nilikuwa na kitu cha kuwaonyesha. Huku wagonjwa wa ugonjwa huu ni wachache. Usiku wa kwanza daktari kijana alikuwa akisoma kwenye kompyuta huku mwanangu ajikunja. Hakuwa mbaya, alikuwa hajui, na aliye kitandani ni mwanangu.

Tangu hapo nina barua ya daktari bingwa wake, kwa Kijerumani, ukurasa mmoja: ugonjwa, kundi la damu, kiwango chake cha kawaida cha damu, dawa gani imsaidie na kipimo gani, na simu ya kumpigia bingwa. Iko kwenye mfuko wa mkoba wa shule, nyingine kwenye simu yangu, nyingine kwa jirani. Nikifika siongei tena sana, natoa barua.

@MwanaMajengo na @MamaWawili_Leicester, kwangu mimi rangi, adabu, lugha, vyote nimevikuta. Lakini barua ndiyo iliyofupisha kiti.

#28 Halima_Jeddah
Nyote mwaongea kama watu wenye funguo za nyumba zenu.

Mimi nafanya kazi za nyumbani. Pumu ilinishika usiku, dawa ya kuvuta imekwisha, na wenye nyumba wamelala, mlango mkubwa umefungwa. Niliwaamsha. Nikaambiwa ningoje asubuhi. Nilikuwa nimeiandika 997 ukutani nyuma ya kabati, ni ya gari la wagonjwa la Hilali Nyekundu. Nikapiga. Yule wa kwenye simu Kiarabu changu cha jikoni akakielewa. Sikujua mtaa, nikamtajia msikiti ulio karibu na duka la mikate. Wakaja. Walipobisha, mlango ukafunguliwa upesi sana.

Hospitali wakaniweka kwenye mvuke, wakaniuliza iqama, kile kibali cha ukaazi. Sikuwa nayo mkononi, lakini nilikuwa na picha yake kwenye simu. Wakanitibu. Waliorudi na maneno ni wenye nyumba, eti nimewaaibisha kwa majirani.

Dada zangu mnaojiandaa kuja: piga picha ya pasipoti, iqama na kadi ya bima siku ya kwanza, mtumie na mtu nyumbani. Bima ikiwepo, mwajiri ndiye mlipaji. Na kuna 937 ya wizara ya afya ya kuuliza ushauri usiku. Msiogope kupiga.

#29 Nahodha_Mstaafu
@Halima_Jeddah binti yangu, Mungu akulinde. Umewafunza wengi hapa.

#30 MamaWawili_Leicester
Halima nimekusoma machozi yamenijia. Dawa ya kuvuta unayo sasa? Kama huna niandikie pembeni.

#31 Halima_Jeddah
Ninazo sasa, nimeficha ya akiba. Na nimehama nyumba ile.

#32 KijanaWaBuxton
Mimi nasema mambo yote haya kuna suluhu moja: 112 yafanya kazi dunia nzima, hata simu haina laini. Piga hiyo tu.

#33 Mpwani_Hamburg
Ndugu yangu hilo ni hatari, usilisambaze. 112 ni ya nchi zote za Umoja wa Ulaya, waliafikiana 1991, na simu nyingi za mkononi huielekeza kwenye nambari ya dharura hata nchi nyingine, Kenya ikiwemo. Lakini si dunia nzima kwa uhakika. Na la simu bila laini, Ujerumani waliliondoa 2009 kwa sababu ya watu waliokuwa wakipiga kwa mchezo. Lazima laini iwemo. Mgeni aliyetua leo na laini ya Kenya iliyozimwa, awashe laini hiyo.

#34 Swaleh_Ohio
Kijana wa Buxton kila akiingia humu anazusha moto, kisha watu wazima wanakuja na ndoo.

#35 KijanaWaBuxton
Lakini si mwanapata faida? Nisingesema, kaka Hamburg angesema?

#36 BintiKibokoni
Wenzangu, habari mpya. Jana mchana maumivu yalirudi, akawa hawezi kunyoosha mguu. Nilimsomea maneno ya @NesiTudor kwenye simu. Safari hii alipiga 116117 kwanza, wakamhoji, wakamwambia asiende kliniki ya zamu, aende hospitali moja kwa moja. Mwenzake wa bwenini anayejua lugha akaenda naye. Akasema nane. Akaonwa haraka, wakampiga picha ya tumbo, na usiku huo huo wakampasua. Kilikuwa kidole tumbo. Alhamdulillah ameamka, amemtumia mama picha akiwa na dripu, mama kalala kwa mara ya kwanza.

Shukran nyote, hasa nesi.

#37 Nahodha_Mstaafu
Alhamdulillah! Pongezi kwa mama.

#38 MwanaMajengo
Namshukuru Mola kwa salama yake. Lakini naomba mtu anijibu: kwa hiyo Ijumaa walimrudisha nyumbani na kidole tumbo? Masaa saba na hawakukiona? Angekuwa mtoto wa profesa wa pale je, angerudishwa?

#39 NesiTudor
Saa za mwanzo damu yaweza kuwa safi na picha isionyeshe kitu. Kumpa mtu maelekezo ya kurudi ni utaratibu unaokubalika. Ila sijui kama Ijumaa walimpiga picha, na kama hawakumpiga, mimi ningependa kujua kwa nini.

#40 BintiKibokoni
Hawakumpiga. Damu tu, na kubonyezwa tumbo.

#41 MwanaMajengo
Basi.

#42 MamaWawili_Leicester
Nne na nane pia ni tofauti, Mwana wa Majengo. Na Ijumaa alikuwa peke yake.

#43 Mpwani_Hamburg
Na safari ya pili alipitia simu ya zamu, kwa hiyo mimi bado nasema ni mlango. Waliompokea tayari walikuwa na jibu la kwanza mkononi.

#44 Omari_Rotterdam
Au ni Jumapili mchana dhidi ya Ijumaa usiku. Madaktari wenyewe huku ni wachache, zamu ya usiku mtu mmoja abeba kazi ya watatu. Ubaguzi upo, adabu ipo, lakini hesabu ya watu ipo pia.

#45 Wakili_Mtarajiwa
Ana haki ya kuomba nakala ya faili lake la matibabu, ya Ijumaa na ya jana. Aiombe, ajue waliandika nini. Si kwa kushtaki, ni kwa kujua.

#46 BintiKibokoni
Nimemwambia. Akitoka ataomba.

#47 Bi_Rukia
Samahani kuingilia. Mamangu aenda Muscat kwa kakangu mwezi ujao, ana sukari, yuwajidunga insulini. Nambari ya huko ni ngapi, na dawa apakie vipi?

#48 Halima_Jeddah
Oman ni 9999, polisi na gari la wagonjwa pamoja. Insulini asiitie kwenye mizigo ya chini, huko ndani ya ndege yaweza kuganda. Abebe mkononi, na barua ya daktari yenye jina kama lilivyo kwenye pasipoti. Abebe ya kuzidi siku za safari. Na kama apitia Dubai, aangalie dawa za maumivu: zenye codeine na tramadol, nchi ya Emirates wanataka kibali kabla. Asibebeshwe na mtu.

#49 Bi_Rukia
Shukran sana. Ana hizo za tramadol za goti.

#50 NesiTudor
Basi @Bi_Rukia ampeleke kwa daktari wake wiki hii abadilishiwe kabla ya safari, asiziache ghafla mwenyewe. Na kakako aulize mapema ni kliniki gani karibu naye hufunguliwa usiku, na bima ya safari ya mama iwe inataja sukari kwa jina. Isipotajwa, wengi hukataa kulipa.

#51 Bi_Rukia
Bima tumeshakata, sukari haikuulizwa. Nawapigia asubuhi.